Chura wa Manyunyu ya Kihansi

Watu wengi humdhani chura kuwa mnyama asiye na maana. Lakini katika milima ya Udzungwa, nchini Tanzania, yuko chura mmoja ambaye kwa ajili yake wakuu wa serikali na watu wa elimu walifanya mashauri mengi.

Mto Kihansi ushukapo kutoka milimani huanguka gengeni kwa kishindo, na maji yapigwapo na mawe huruka kama moshi. Zamani manyunyu hayo yalilowesha majani ya bonde usiku na mchana. Mahali palipolowa hivyo hapakuzidi eka 5 hivi, wala chura huyu hakupata kuonekana penginepo duniani. Aligunduliwa mwaka wa 1996. Rangi yake ni ya manjano, na jike aliye mkubwa hapati inchi moja na robo. Tena hatagi mayai majini kama vyura wengine. Mayai huanguliwa tumboni mwake, naye huzaa vyura kamili, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele.

Wakati ule ule palikuwa pakijengwa bwawa juu ya maporomoko, ili maji yageuzwe kwenda kuendesha mitambo ya umeme. Nchi ilikuwa na haja ya umeme kwelikweli, maana mijini taa zilikuwa zikizimwa kwa zamu. Hata mwaka wa 2000, kadiri ya sehemu tisa katika kumi za maji zilikuwa zimegeuzwa. Manyunyu yakakoma, na bonde likakauka. Ndipo yakatandazwa mabomba yenye matundu madogo ya kunyunyizia maji. Vyura wakaongezeka, na katikati ya mwaka wa 2003 walikuwa maelfu. Kisha, kwa muda mfupi, wakafa karibu wote. Kuvu iletayo ugonjwa wa ngozi ya vyura ilionekana kwao, nayo hudhaniwa kuwa sababu kubwa. Mwaka wa 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena.

Lakini mwaka wa 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Si kazi nyepesi kumlea chura aliyezoea mvua isiyokatika, na mwanzoni wengi walikufa. Waliosalia wakazaana. Mwaka wa 2010 wazao wao 100 waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka wa 2012 vyura wakaachiliwa tena bondeni Kihansi, chini ya manyunyu ya mabomba yale.