SOMO: SPRINGI ZA PIKAPU

Pikapu nyingi za mizigo zina springi za vyuma bapa upande wa nyuma. Vyuma hivyo hupangwa kimoja juu ya kingine. Vikichoka, gari huinama nyuma. Taa za mbele nazo hutazama juu na kuwaumiza macho madereva wanaokuja.

Pima hivi:
1. Shusha mzigo. Simamisha gari mahali tambarare. Jaza upepo wa kutosha kwenye matairi yote.
2. Chukua futikamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi.
3. Linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa chini, tazama kama chuma cha springi kimevunjika.

Fundi anaweza kuongeza chuma kimoja kila upande, sawasawa. Asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Aweke stendi imara chini ya fremu. Gari likishatembea kidogo, akaze tena bolti za springi, kisha arekebishe taa.

Sasa shika neno hili. Gari likiacha kuinama, mwenye gari hudhani linaweza kubeba magunia zaidi. Sivyo! Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, matairi ni yale yale. Tena gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Uzito unaoruhusiwa ni ule ule uliowekwa na kiwanda.

MASWALI
1. Kwa nini tunashusha mzigo kabla ya kupima?
2. Dereva akisema, "Nimeongeza springi, pandeni wote," utamjibu nini?