Umbo Huigwa, Namba Husema: Somo la Kulitambua Gari Halisi

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika toleo hili twaitafakari methali hiyo kwa upande wa magari, kwa kuwa wengi wetu hapa Busia, Malaba na Mutukula hununua yaliyokwisha kutumika, na ununuzi mmoja mbaya waweza kumeza akiba ya miaka mingi.

Tuanze mbali. Mwaka 1962, Carroll Shelby, aliyekuwa dereva wa mashindano nchini Marekani, alichukua gari jepesi la kampuni ya AC ya Uingereza, akalitia injini kubwa ya Ford. Ndivyo lilivyozaliwa gari la michezo liitwalo Cobra. Hadi mwaka 1967 yalikuwa yameundwa takriban elfu moja tu. Baadaye karakana nyingi zilianza kuunda nakala zake, aghalabu kwa bodi ya faibaglasi badala ya aluminiamu, na leo nakala ni nyingi kuliko magari ya asili. Kwa macho, hazitofautiki kwa urahisi. Hata hivyo Cobra ya kwanza, yenye namba ya chesisi CSX 2000, ilinadiwa nchini Marekani mwaka 2016 kwa dola 13,750,000, ilhali nakala nyingi huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Umbo ni lile lile. Kinachotofautisha thamani ni namba, pamoja na mfululizo wa hati za waliolimiliki gari. Wala nakala yenyewe si haramu: muuzaji akiitaja kuwa nakala, na mnunuzi akalipa bei ya nakala, hapana aliyedhulumiwa. Hatia huingia pale gari linapovikwa utambulisho usio wake.

Hila hiyo ndiyo itumiwayo katika magari yetu ya kawaida. Gari la wizi hupewa namba na kadi ya gari lililoharibika kwa ajali. Jingine hupunguziwa umri, kwa kuwa tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingizwa magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, na Kenya imeweka kikomo cha miaka 8.

Basi kabla ya kulipa, tuzingatie haya:

1. Tuisome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati pekee. Tuipapase kwa kidole. Tarakimu zilizopinda, michubuko ya tupa, alama za kuchomelea au rangi mpya mahali pale tu ni dalili mbaya.

2. Tuihesabu. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, wala haitumii herufi I, O wala Q. Lakini magari yaliyoundwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi yenye kistari katikati. Ufupi huo si ushahidi wa kughushi.

3. Tulinganishe chesisi, injini na kadi halisi, si kivuli chake. Tutazame pia lebo ya mkanda wa usalama, ambayo mara nyingi huwa na tarehe. Mkanda uliotangulia gari kwa miaka kadhaa unadai maelezo.

4. Tuthibitishe namba katika ofisi ya usajili na katika kituo cha polisi. Interpol inayo hazina ya kumbukumbu za magari yaliyoibwa, ambayo polisi wa nchi wanachama huweza kuipekua.

Kumbukeni kwamba mwizi hana milki ya kumhamishia mtu. Gari la wizi likitambuliwa hurejeshwa kwa mwenyewe, hata kama aliyelinunua alilipa kwa nia njema. Naye hubaki hana gari wala fedha, akimsaka muuzaji aliyekwisha kuvuka mpaka.

Kwa hiyo, ndugu zetu, msione haya kuomba ukaguzi. Muuzaji mwaminifu atafuatana nanyi hadi kituoni. Anayesingizia haraka mwacheni na gari lake, kisha mtuarifu.