Uteuzi wa Sampuli na Suala la Ridhaa: Funzo Kutoka Majengo, Pumwani

Makala haya yanajadili masuala mawili ambayo mwanafunzi wa utafiti huyatenganisha mno katika pendekezo lake: namna ya kuwateua watafitiwa na namna ya kuwatendea. Sehemu ya mbinu huandikwa kwanza kwa kirefu, kisha aya moja ya maadili hubandikwa mwishoni mfano wa muhuri wa chifu. Historia ya utafiti katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, yaonyesha kuwa masuala hayo hayatenganiki.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuchunguza magonjwa ya zinaa jijini. Kuanzia 1985 kundi la wanawake wa Majengo, Pumwani, waliofanya biashara ya ngono likawa likifuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1986 ilionyesha kuwa asilimia 66 ya wanawake wa biashara hiyo wa hali ya chini kiuchumi walikuwa na virusi vya UKIMWI. Miongoni mwa wenzao wa hali ya juu kidogo ilikuwa asilimia 31. Miongoni mwa wanaume waliotibiwa magonjwa ya zinaa, asilimia 8. Na miongoni mwa wahudumu wa afya, asilimia 2. Jiji ni lile lile, matokeo ni manne. Lau watafiti wangalichukua kundi la kwanza pekee na kuliita "wanawake wa Nairobi", wangaliupotosha umma na kuwatia doa maelfu ya watu wasiohusika. Kosa la sampuli hapo lingalikuwa pia kosa la maadili.

Suala la ridhaa ni gumu zaidi. Waliojiunga walipata uchunguzi, tiba ya magonjwa ya zinaa, kondomu na ushauri. Mwanamke asiye na fedha za matibabu anapofahamu kuwa huduma hiyo imefungamana na utafiti, je, ameridhia au ameshurutika? Wapo wanaodai kuwa manufaa yoyote huichafua ridhaa. Dai hilo halina mashiko, kwani kumnyima mgonjwa dawa ili ridhaa yake iwe safi ni ukatili wa aina nyingine. Linalopasa kuulizwa ni hili: akikataa kutoa damu ya utafiti leo, kesho atatibiwa? Iwapo jibu ni la, hapana ridhaa.

Isitoshe, baadhi ya wanawake hao waligunduliwa kuwa hawaambukizwi licha ya kukabiliwa na virusi kwa miaka mingi. Ugunduzi huo uliliingiza Majengo katika majarida ya sayansi duniani na kuchangia juhudi za kutafuta chanjo, ambayo majaribio yake yalianza Nairobi mwaka 2001. Mwaka 2000 palikuwa pamezuka mzozo kati ya wanasayansi wa Kenya na wa Uingereza kuhusu hataza ya chanjo hiyo. Wasomi waligombea haki yao. Haki ya waliotoa damu haikupewa uzito kama huo. Mwaka 2001 vilevile iliripotiwa kuwa baadhi ya wanawake walioaminiwa kuwa na kinga waliambukizwa hatimaye, na kwamba jambo hilo lilihusiana na kupumzika kwa muda kutoka katika biashara hiyo. Kwa hiyo tamko "una kinga", likitolewa bila tahadhari, lingeweza kumwangamiza aliyeambiwa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika moja kwa moja, kwa kuwa ridhaa hutolewa kwa lugha. Chukua istilahi "bahati nasibu". Vitabu vya mbinu huitumia kwa uteuzi usio na upendeleo, ilhali mkazi wa Kaloleni aelezwapo kuwa amechaguliwa kwa bahati nasibu hungojea zawadi. Ni heri kumwambia: "Majina yote yaliandikwa, tukayachanganya, lako likatoka." Chukua pia neno "malaya". Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, alilitumia kwa aina moja mahususi ya wanawake, akiwatofautisha na watembezi na wazi-wazi. Katika kitabu neno hilo ni istilahi. Katika hojaji ni tusi.

Watafiti wa Sheng nao hawajanusurika. Desturi ni kuanza na kijana mmoja katika maskani ya Jericho au Bahati, naye akamwelekeza mtafiti kwa rafiki, na rafiki kwa rafiki. Njia hiyo hufaa pale ambapo hapana orodha ya watu. Hata hivyo, huzaa Sheng ya maskani moja, tena ya wavulana, ambayo tasnifu huiita "Sheng ya Eastlands". Pia humfanya mwelekezaji ajue nani kahojiwa. Yafaa mwelekezaji apeleke habari tu, na atakaye ajitokeze mwenyewe. Kuficha kinasasauti ndani ya matatu ili kupata usemi halisi ni hila iliyo karibu na ile ya Stanley Milgram, aliyewaita wakazi wa New Haven kwa tangazo la gazeti mwaka 1961 akidai kuwa anachunguza kumbukumbu, kumbe alichunguza utiifu. Mtafiti wa Sheng anaweza kuwaonyesha vijana chombo hicho siku ya kwanza, akakaa nao hadi wakakizoea, na kuwapa fursa ya kufuta wasichotaka kisikike.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 yamtaka mtafiti apate kibali cha NACOSTI. Kibali hicho, hata kikiandamana na barua ya chifu, humruhusu kuingia mtaani tu. Mama wa Majengo mlangoni mwake bado ana haki ya kusema hapana, na hapana yake haihitaji sababu.