Mapambo ya Noeli Yatokayo Shambani

Kila mwaka Majilio yakaribiapo kwisha, maduka ya miji yetu hujaa nyota, minyororo na miti ya plastiki. Jamaa nyingi huvinunua kwa fedha ambazo zingeweza kuwanunulia watoto madaftari ya Januari. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019, lakini mapambo haya bado yapo. Yakitupwa hayaozi. Upepo huyapeleka mashambani. Mbuzi akiyala huweza kuzibwa tumbo akafa. Nayo yakichomwa hutoa moshi wenye sumu.

Je, pango la Noeli lahitaji vitu hivyo? Mwaka 1223, huko Greccio katika Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliagiza hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, basi. Hata sanamu hazikuwapo.

Mkaaji wa Ilula, katika wilaya ya Kilolo, hana haja ya kwenda mbali. Nchi ya Iringa ina mianzi, ile inayogemwa ulanzi. Ina maganda ya mahindi, udongo wa kufinyangia, na milulu ambayo akina mama wa Kihehe husukia vikapu. Basi na tujifunze kazi tatu.

Kwanza, nyota. Pasua mwanzi mkavu upate fito tano zenye urefu ulio sawa, kiasi cha mkono mmoja. Zipange hata miisho ya fito mbili ikutane katika kila ncha. Funga ncha zote tano kwa kamba ya katani, kisha ufunge na pale fito zipishanapo.

Pili, maua. Loweka maganda ya mahindi katika maji ya uvuguvugu mpaka yalainike. Yakunje kama petali, uyafunge kwa uzi penye kitako, na kuyaacha yakauke.

Tatu, sanamu. Ukande udongo vizuri na kuondoa mawe yote. Ukiisha kufinyanga, zianike sanamu kivulini kwa siku kadhaa, kwani jua kali huzipasua.

Yafaa tuonyane pia. Asikate mtu mche mchanga kwa ajili ya sikukuu ya siku chache; tawi moja la mti mkubwa latosha. Wala mshumaa usiwekwe karibu na nyasi za pango, maana nyumba huweza kuungua.

Kazi hii wapewe watoto, wakiongozwa na bibi au mama ajuaye kusuka. Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana ikipita, nyasi na maua yatiwe katika shimo la mbolea, yakasaidie bustani ya nyanya. Sanamu na nyota zitunzwe darini hata Noeli ijayo.