Mafuta ya Turkana na Matumizi ya Serikali: Mali Inayoisha na Ustawi Unaodumu

Utangulizi

Mnamo Machi 2012, mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, kusini mwa Lodwar. Mnamo Agosti 2019, shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ilisafirishwa ng'ambo kupitia Mombasa. Makala haya yanajadili swali moja: serikali itumieje mapato ya mali hiyo ili Turkana istawi hata visima vitakapokauka?

Mjadala

Ikumbukwe kwamba sera ya serikali ya mwaka 1965, iliyotolewa katika Waraka wa Bunge Na. 10, ilipendekeza fedha ziwekezwe katika maeneo yenye uwezo mkubwa wa uzalishaji. Kwa hivyo, kaskazini kame ilibaki nyuma. Katiba ya 2010 ilileta ugatuzi, na Sheria ya Petroli ya 2019 ikatenga asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya wenyeji.

Hata hivyo, mgao pekee hautoshi. Bandu bandu huisha gogo: kila pipa linalouzwa ni mali iliyopungua. Fidia yake ni mali nyingine inayozaa. Botswana ilitambua hili, ikaanzisha Mfuko wa Pula mnamo 1994 ili sehemu ya mapato ya almasi iwafae vizazi vijavyo.

Nchini Kenya, sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Lakini istilahi zaweza kupotosha. Zahanati isiyo na wauguzi huhesabiwa kuwa maendeleo. Mshahara wa mwalimu huitwa matumizi ya kawaida, ilhali ndio unaomwelimisha mtoto.

Tutazame Kakuma, kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar. Kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992 imezaa soko ambamo wafugaji wa Kiturkana huuza mbuzi, kuni na makaa. Soko hilo halikungoja mafuta, ila hutegemea sana misaada, nayo hupungua. Barabara, maji na elimu ndivyo vitakavyolipa mizizi yake lenyewe.

Hitimisho

Bajeti inayosomwa Lodwar haifai kupimwa kwa ukubwa wake tu. Kila shilingi ya mafuta iulizwe: kisima kikikauka, itakuwa imeacha nini?