Ngome ya Powis na Bustani Yake ya Matuta

Katika nchi ya Wales, inayopakana na Uingereza kwa upande wa magharibi, uko mji mdogo uitwao Welshpool. Mwendo wa kama maili moja kusini ya mji huo yasimama ngome ya kale ya Powis, juu ya jabali. Mawe yake ni mekundu, ndiyo maana wenyeji wa Wales tangu zamani waliiita Ngome Nyekundu. Wageni wengi huizuru kila mwaka, na wakati mmoja unaopendeza mno ni mwanzo wa majira ya majani kupukutika, yaani mwezi wa Septemba.

Yafaa msomaji ajue kwamba nchi hizo hazina masika wala kiangazi kama vya Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Septemba joto huanza kupungua, usiku hurefuka, na mbayuwayu huondoka kuelekea Afrika kuikimbia baridi. Majani ya miti mingi hugeuka rangi, yakawa ya manjano, ya dhahabu na mekundu kama moto, kisha huanguka. Lakini katika bustani ya Powis maua mengi bado yamechanua wakati huo, hata yale yaliyotoka katika nchi za joto. Jambo hili lina sababu yake, na sababu hiyo ndiyo somo lenyewe.

Ngome hii haikujengwa kwa ajili ya maua. Katika karne ya 13 ilikuwa makao ya Gruffudd ap Gwenwynwyn, mtawala wa Powys, na siku hizo ukuta mnene ulikuwa kinga ya uhai. Mwaka 1587 ilinunuliwa na Edward Herbert, na ukoo wake ukaishi humo. Vita vilipopungua, ngome ikageuzwa kuwa nyumba ya fahari. Mwishoni mwa karne ya 17 mteremko mkali ulio chini yake ukakatwa ngazi ngazi, kwa kufuata namna ya bustani za Italia na Ufaransa.

Mgeni atokaye ngomeni hushuka kutoka tuta hadi tuta. Kila tuta ni ardhi iliyosawazishwa, ndefu na nyembamba, nayo hushikwa na ukuta mrefu wa mawe au matofali. Katika tuta moja zimepangwa sanamu za wachungaji, wanaume kwa wanawake, zilizosubiwa kwa madini ya risasi. Katika jingine ipo nyumba iliyojengwa kuhifadhi miti ya michungwa wakati wa baridi. Na juu ya kuta hizo imening'inia miti mikubwa yenye majani membamba ya kijani yasiyopukutika, iliyokatwa ikawa mithili ya mawingu. Miti hiyo ilipandwa kama miaka 300 iliyopita.

Basi, kuta hizo zafanya kazi gani? Kwanza, huushika udongo. Mvua inyeshapo juu ya mteremko mtupu, maji hupata mbio na kuchukua udongo ulio bora, ambao ndio wa juu. Mteremko ukikatwa matuta, maji hupunguza mwendo na kupenya ardhini. Pili, kuta hutunza joto. Zimeelekea upande wa jua la asubuhi na mchana. Mawe hupata moto mchana na kuutoa polepole usiku, na mmea ulioegemea ukuta hupata kama blanketi. Tatu, hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo hutiririka bondeni kama maji. Kwa hiyo jalidi hukaa chini kwenye uwanda, na mimea ya matutani husalimika kwa muda zaidi. Ndiyo sababu maua huonekana huko hata baridi inapokaribia.

Lakini ukuta wa namna hiyo una adui, naye ni maji. Maji yakikusanyika nyuma yake, udongo hulemea na kusukuma, mpaka mawe yatoe tumbo na kuanguka. Sharti maji yapewe njia ya kutokea, mizizi ing'olewe katika nyufa, na jiwe lililolegea lirudishwe mahali pake. Kazi hiyo haina mwisho.

Habari za Powis zathibitisha hayo. Katika karne ya 18 ukoo wa Herbert uliingia katika madeni, na ngome pamoja na bustani vikachakaa. Mwaka 1784 Henrietta Herbert aliolewa na Edward Clive, na utajiri wa akina Clive ndio uliosaidia kuitengeneza tena ngome. Utajiri huo asili yake ilikuwa Bara Hindi. Robert Clive, baba yake Edward, aliiongoza Kampuni ya East India kushinda vita vya Plassey mwaka 1757, akajipatia mali nyingi mno. Hata leo ngomeni humo vimewekwa vitu vya India, ikiwamo hema ya Tipu Sultan wa Mysore, aliyeuawa mwaka 1799 akiupigania mji wake. Mgeni astaajabuye uzuri wa mahali hapo na akumbuke pia ni mali ya nani iliyoulipia.

Mwaka 1952 ngome na bustani viliachwa kwa wasia mikononi mwa shirika la National Trust, ambalo hutunza mahali pa kale kwa faida ya watu wote. Watunza bustani wake huikata miti ile mikubwa kila mwaka, kazi ya majuma mengi. Mgeni wa Septemba huona maua. Wao huona nyufa.

Nchini Kenya matuta si mapambo, bali ni chakula. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimekwaruzwa na maji hata vikatisha. Serikali ya kikoloni iliamuru watu wachimbe matuta, na amri hiyo ilichukiwa. Uhuru ulipofika mwaka 1963, wengi waliyaacha matuta hayo yaharibike. Lakini baadaye wakulima wenyewe, kwa vyama vyao vya mwethya, walichimba matuta mengi zaidi kuliko yale ya amri, kwa kuwa waliona mavuno yake. Shamba lilipokuwa lao na faida ikawa yao, hapakuhitajika msimamizi.

Hivyo bustani ya fahari ya Wales na shamba la mahindi la Machakos vyafundisha jambo moja. Tuta halidumu kwa sababu lilijengwa na mkubwa, wala kwa sababu liliamriwa. Hudumu kwa sababu yuko mtu anayelipitia kila baada ya mvua, akaona jiwe lililolegea, akaliinua. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta ulioanguka huondoka na udongo, ambao mwanadamu hawezi kuujenga tena katika maisha yake.