Dondoo muhimu: Jangwa na wanyama wa Namibia

Nenda Juni hadi Oktoba. Mvua karibu hakuna, na wanyama wa hifadhi ya Etosha hulazimika kufuata maji. Pale Okaukuejo, kambi ndani ya hifadhi hiyo, dimbwi humulikwa taa usiku. Kaa kimya uwasubiri vifaru, hata kama usingizi unakusumbua.

Ukienda Sossusvlei, kwenye matuta ya jangwani, lala ndani ya geti la Sesriem, upande tuta la mchanga kabla jua halijawa kali. Takriban kilomita 5 za mwisho ni mchanga mtupu: bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, utakwama.

Barabara nyingi ni za changarawe. Usizidi kilomita 80 kwa saa, beba tairi mbili za akiba, jaza mafuta kila ukikuta kituo. Na koti zito, tafadhali. Usiku wa Julai jangwani hauna huruma.